Mbolea ya Chumvichumvi ni Chumvi Gani? Istilahi za Kubainisha Kampaundi Isiyojulikana

Katika kazi zimfikiazo mfasiri, iliyo ngumu sana ni ile ya kueleza jambo ambalo wenye kulihitaji wanalijua kwa mikono yao, na wenye kulifahamu kwa undani wanalijua kwa lugha nyingine. Kemia ya mbolea ni jambo la namna hiyo. Katika shule za serikali elimu ya msingi hutolewa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, lakini somo la kemia hukutwa sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Hivyo mkulima wa mboga anayo maneno ya shamba na hana ya maabara. Mwalimu wa kemia anayo ya maabara na hajui namna ya kuyafikisha shambani. Makala haya yanaeleza kisa kimoja kidogo cha pembezoni mwa Dar es Salaam, na kuzipima istilahi zilizohitajiwa ili kisa hicho kielezeke.

Katika bonde la Mto Kizinga, upande wa Mbagala wilayani Temeke, wako watu wengi walimao mchicha na matembele kwa ajili ya kuuza. Mama mmoja jirani yangu ni miongoni mwao. Kwa miaka mingi alikuwa akikuzia mchicha wake kwa mbolea iitwayo S.A., ambayo huinunua kwa kilo, si kwa mfuko mzima. Siku moja alikuta duka alilolizoea limefungwa, akaenda jingine, akaomba “mbolea ya chumvichumvi, ile nyeupe.” Muuzaji akachota katika mfuko uliokwisha funguliwa, akapima kilo moja, akaitia katika kifuko kisicho na maandishi yoyote. Mama yule akainyunyiza katika matuta yale yale, kwa kiasi kile kile alichozoea. Baada ya siku tatu majani yakaanza kuungua ukingoni. Kabla ya wiki kwisha, nusu ya matuta ilikuwa haifai hata kulishia kuku. Mchicha huchukua kama wiki tatu au nne tangu kupandwa hadi kung’olewa, basi hasara yake ilikuwa zao zima la mwezi ule.

Akaniletea kilichobaki. “Mwalimu,” akasema, “wewe unayeshinda na makamusi, niambie jina la kitu hiki.”

“Hakina maandishi, mama,” nikamjibu.

“Kingekuwa na maandishi ningekuja kwako?”

Muuzaji alipoulizwa alishikilia kwamba ni ile ile, mbolea ya chumvichumvi nyeupe. Sidhani kwamba alikusudia kudanganya. Kwa kadiri ya maneno aliyokuwa nayo, alisema kweli. Na hapo ndipo ilipo shida yenyewe.

Neno chumvichumvi limeundwa kwa ufundi. Kwa kulirudia neno chumvi, Waswahili wamepata namna ya kusema “kitu kifananacho na chumvi”, na kwa neno hilo mbolea za viwandani zikatengwa na samadi na mboji. Maadamu kazi ya neno ni kutenga aina mbili kubwa za mbolea, latosha kabisa, wala sioni haja ya kulifukuza. Ila ndani ya chumvichumvi kuna vitu vingi visivyo na udugu ila weupe wao. Kuna salfeti ya amoniamu, ndiyo S.A. ya madukani, yenye naitrojeni asilimia 21. Kuna yurea, yenye naitrojeni asilimia 46. Kuna CAN, ambayo ni naitreti ya amoniamu iliyochanganywa na chokaa mawe, yenye naitrojeni asilimia 26 au 27. Kuna na kloraidi ya potasiamu, ambayo haina naitrojeni hata chembe. Mwenye kuomba chumvichumvi nyeupe aweza kupewa yoyote katika hizo, na muuzaji asiwe na kosa la lugha.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Katika kemia neno chumvi lina maana maalumu: ni kampaundi ipatikanayo asidi inapokutana na besi. Salfeti ya amoniamu ni chumvi kwa maana hiyo, kwa kuwa hutokana na asidi ya salfuriki na amonia. Yurea si chumvi. Ni kampaundi ya jamii ya vitu vyenye asili ya viumbe hai, na imo katika mkojo wa binadamu na wa ng’ombe. Mwanakemia Mjerumani Friedrich Wöhler aliipata maabarani mwaka 1828 pasipo figo wala mnyama, jambo lililowashangaza wenzake wa wakati ule. Kwa hiyo mkulima anayedharau mkojo wa ng’ombe na kununua yurea ananunua, kwa jina la chumvichumvi, kitu kile kile alichokiacha zizini. Mfasiri anayeandika “chumvi” kila aonapo mbolea ya kiwandani hana budi kulikumbuka hili.

Nilikichukua kifuko kile hadi Kinondoni kwa rafiki yangu afundishaye kemia katika shule ya sekondari, naye akakubali kukichunguza, kwa sharti kwamba mimi niandike kila hatua kwa Kiswahili. Alidhani ni sharti jepesi.

Neno la kwanza kutushinda lilikuwa la kazi yenyewe. Tuseme tunakitambua kitu kile, au tunakipima, au tunakichanganua? Mtu humtambua rafiki yake katika umati wa watu kwa sababu alimjua tangu zamani. Kutambua ni kukijua tena kitu ulichokwisha kukijua. Kupima huleta kiasi: kilo, nyuzi, asilimia. Kuchanganua ni kukitenganisha kitu hadi zionekane sehemu zake. Sisi tulitaka kukiondoa kitu kimoja katika kundi la vifananavyo nacho hadi kisimame peke yake. Kazi hiyo, kwa maoni yangu, ni kubainisha, na jina lake ubainishaji. Tofauti hizi zina faida ofisini pia, maana mwenye kupeleka sampuli maabara kwa barua lazima aseme anataka nini: kujua ni kitu gani, au kujua kimo kwa kiasi gani. Ni maswali mawili, na gharama zake ni mbili.

La pili lilikuwa kampaundi. Wengi huandika “mchanganyiko” mahali pake, na kosa hili limeenea hata katika vijikaratasi vya maelekezo. Chai ya maziwa ni mchanganyiko: maji yamo, maziwa yamo, sukari imo, na kila kimoja kimebaki na tabia yake. Chumvi ya mezani ni kampaundi: imetokana na sodiamu, ambayo ni metali inayowaka ikitiwa majini, na klorini, ambayo ni gesi ya sumu, lakini vilipoungana vikawa kitu cha tatu, nasi twakitia katika mchuzi. Mifuko iandikwayo NPK ina michanganyiko ya kampaundi kadhaa. Yurea ni kampaundi moja. Asiyetenganisha maneno haya mawili hawezi kufahamu kwa nini yurea safi ina asilimia ile ile ya naitrojeni popote duniani, na mfuko wa NPK hubadilika kwa kadiri alivyoamua mtengenezaji.

Mwalimu alianza kwa macho. Kitu chetu kilikuwa punje za mviringo, nyeupe, zenye kupenyeza mwanga kidogo. S.A. kwa kawaida hufanana na sukari, yaani fuwele zenye pembe. Neno fuwele lafaa sana hapa na lisiachwe likafa. Kisha akatia kijiko kimoja katika glasi ya maji, akasema, “Imeyeyuka yote, na glasi imepata baridi.” Nikaandika. Baadaye akatia punje chache katika neli ya kioo, akaishika juu ya taa ya spiriti, akasema, “Imeyeyuka.” Nikaandika tena, halafu nikaweka kalamu chini.

Ni neno moja kwa mambo mawili. Katika glasi punje zilipotea ndani ya maji. Katika neli ziligeuka kuwa kioevu kwa nguvu ya joto, pasipo tone la maji. Kiswahili cha kila siku husema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka, wala hakuna anayepotea, kwa kuwa kila mtu anaijua barafu na anaijua sukari. Lakini mbele ya kitu kisichojulikana msomaji hana cha kumwongoza ila neno lenyewe. Maelekezo yakisema “yeyusha mbolea kabla ya kutumia”, mmoja atatafuta maji na mwingine aweza kutafuta jiko. Si mzaha huu. Naitreti ya amoniamu ikipatwa na moto mkubwa yaweza kulipuka; shehena ya tani zipatazo 2,750 iliyokuwa ghalani katika bandari ya Beirut iliharibu sehemu kubwa ya mji ule tarehe 4 Agosti 2020. CAN imechanganywa na chokaa ili kupunguza hatari hiyo, lakini hata hivyo si kitu cha kuinjikwa motoni.

Napendekeza basi kwamba kuyeyuka kuachiwe kazi ya joto, na kwa kazi ya maji tushike kumumunyika, kwa jina mmumunyo. Asili yake ni nzuri: mtoto humumunya peremende, haitafuni wala haiunguzi, huiacha iishe ndani ya mate. Wako waalimu wanaolitumia tayari. Wasiolitumia hulikataa kwa kuwa ni refu, na urefu si hoja.

Majaribio yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwalimu alidondosha siki juu ya punje ili kuona kama zitatoa viputo, maana CAN hutoa viputo kwa sababu ya kaboneti iliyo katika chokaa mawe. Hazikutoa. Akachanganya punje na chokaa yenye unyevu, akanusa kwa kupunga mkono, si kwa kutia pua chomboni. Chumvi yoyote ya amoniamu hutoa hapo harufu kali ya amonia, ile ya vyoo visivyooshwa. Harufu haikuja. Kutoka hapo tukajua kwamba kitu chetu si S.A. wala si CAN, na mama yule alikuwa ameuzwa kitu asichokizoea.

Hapa niseme neno juu ya amonia na amoniamu. La kwanza ni gesi; la pili ni jina la kile kiungo cha naitrojeni na hidrojeni kilichofungwa ndani ya chumvi, kisicho na harufu hadi kifunguliwe. Magunia ya zamani yaliandika “salfeti ya amonia” kwa kufuata desturi ya wafanyabiashara wa Ulaya, na ndivyo wazee walivyozoea tangu siku za kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza uzalishaji mwaka 1972 na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika maandishi ya kitaalamu tuseme amoniamu.

Kadhalika iko hatari katika mwisho wa majina haya. Salfeti, salfaiti na salfaidi ni vitu vitatu mbalimbali. Naitreti ni chakula cha mimea, na naitraiti ni kitu kingine, ambacho mtu akila kwa wingi ni sumu. Irabu moja au konsonanti moja ndiyo inayotenganisha. Karani anayepiga chapa kwa haraka, na msahihishaji anayedhani kwamba “-aiti” ni kosa la “-eti”, wanaweza kuleta madhara yasiyoonekana. Ushauri wangu kwa idara ni kwamba majina haya yaandikwe pamoja na alama zake za kemia katika kila hati ya zabuni au ya forodha, kwa kuwa alama hazina lahaja.

Kuhusu mpangilio wa maneno, nimekuwa nikiandika “salfeti ya amoniamu” na “kloraidi ya potasiamu”, nikitanguliza jina lenye kubeba upatanisho wa kisarufi. Wako wanaoandika “amoniamu salfeti”, kwa kufuata mpangilio wa Kiingereza. Sina ugomvi nao madhali watashika njia moja tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho, lakini sikio langu linakataa, kama linavyokataa “mbuzi nyama” kwa nyama ya mbuzi.

Kwa mmumunyo wa punje zetu mwalimu alitia matone ya kloraidi ya bariamu. Kando yake aliweka glasi ya S.A. halisi, ili pawe na kielelezo cha kulinganishia. Katika S.A. ukazuka weupe ghafla, ukashuka taratibu hadi chini. Katika yetu maji yalibaki mang’avu. Weupe ule tuuite nini? Lilipendekezwa “masalio”, lakini masalio ni kile kilichobaki bila kumumunyika, na hiki hakikuwamo hapo kabla; kimezaliwa mbele ya macho yetu. Jikoni tunazo tofauti hizi tangu zamani. Machicha ya nazi ni yale yaliyobaki baada ya tui kutoka. Mashapo ni yale yanayotua chini ya kinywaji kilichowekwa kikatulia. Nimechagua mashapo, nikijua kwamba hata neno hilo halisemi habari ya kuzaliwa, husema ya kutua tu. Msomaji mwenye neno bora, hasa kutoka kwa wagema tembo au wapika mafuta wa pwani, anaombwa aliandikie jarida hili.

Jaribio la mwisho ndilo lililotoa jina. Punje zilipoyeyuka katika neli, kwenye nyuzi 133 hivi za Selsiasi, zilianza kutoa amonia, na karatasi nyekundu ya litimasi ikageuka buluu. Kisha kile kioevu kikaganda tena, kikawa kitu cheupe. Mwalimu akakiacha kipoe, akakimumunyisha katika maji ya vuguvugu yenye kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, akatia tone moja la rangi ya buluu kutoka katika chupa ndogo. Maji yakageuka zambarau.

“Yurea,” akasema. Yurea ikipashwa moto huzaa kampaundi iitwayo biureti, na biureti ndiyo inayoleta zambarau hiyo. Nikamwuliza lile tone la buluu ni la nini. Alinitajia jina refu la Kiingereza. Nilipoitazama chupa nikaona kwamba ni mrututu, dawa ya vidonda ambayo bibi zetu walikuwa wakiinunua dukani kwa Mhindi.

Mambo haya yanapaswa kutufikirisha. Pwani yetu ilifanya biashara ya kemikali kabla ya kuwa na somo la kemia, na kila moja ilikuwa na jina lake lisilochanganyika na la jirani yake: magadi, shabu, shura, mrututu, chumvi ya haluli. Kila jina katika hayo lasimamia kampaundi maalumu au kundi dogo la kampaundi za karibu, jambo ambalo chumvichumvi haliwezi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Baraza lilipokuwa likitoa orodha za Tafsiri Sanifu tangu mwaka 1974, kazi kubwa ilikuwa kuyapata maneno ambayo hayakuwapo. Naona sasa imebaki kazi ya kuyarudisha yaliyokuwapo. Mwanafunzi aambiwe kwamba salfeti ya shaba ni mrututu, na bibi yake pia aambiwe.

Jibu la mama yule lilikuwa hesabu. Kilo moja ya S.A. ina gramu 210 za naitrojeni. Kilo moja ya yurea ina gramu 460. Alitia zaidi ya mara mbili, tena aliinyunyiza mchana, juu ya majani mabichi. Mwalimu alionya kwamba majaribio yake yamejibu ni kitu gani, si ubora wake. Yurea mbaya huwa na biureti nyingi mno, nayo huunguza mimea. Viwango huweka kikomo karibu na asilimia 1 hadi 1.5. Kipimo cha namna hiyo ni kazi ya maabara kamili, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na usimamizi wa biashara yenyewe u mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009.

Kabla sijaondoka mwalimu alinionyesha mfuko mtupu wa DAP, wenye tarakimu 18-46-0, akaniuliza ile 46 ningeifasirije. Nikasema fosforasi asilimia 46. Akacheka. Tarakimu ile, kwa desturi ya biashara ya mbolea, huhesabu oksaidi ya fosforasi, kitu ambacho hakimo hata mfukoni. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20. Potasiamu nayo huhesabiwa vivyo hivyo: mfuko uandikao 60 una potasiamu kama asilimia 50. Naitrojeni peke yake ndiyo inayoandikwa kama ilivyo. Nakiri kwamba nimefasiri vijitabu viwili vya kilimo maishani mwangu, na katika vyote viwili niliandika “fosforasi” bila kuuliza.

Nilirudi Mbagala na karatasi moja, iliyoandikwa kwa herufi kubwa: YUREA. SI S.A. NUSU KILO BADALA YA KILO. IMUMUNYISHE KATIKA MAJI BARIDI, MWAGIA UDONGONI JIONI, USIPITISHE JUU YA MAJANI. Mama aliisoma mara mbili. Neno alilouliza lilikuwa moja tu, nalo ni lile nililolipigania; nilipomweleza habari ya peremende akasema, “Aa, kumbe.” Siku iliyofuata alikwenda na karatasi ile kwa muuzaji, akamtaka aandike kwa kalamu ya wino, juu ya kila mfuko ulio wazi, jina la kilichomo.

Muuzaji aliandika. Juu ya mfuko mmoja aliandika “Yuria”, na mama akaja kuniuliza kama hicho ni kitu kingine.